Mwenye Punda Huyu ni Nani?

Lugha yetu ya Kiswahili, pamoja na utamu wake wote, haikumtendea haki punda. Katika methali yumo kama mtu wa kutukanwa tu. Akitumwa, tunasema afe punda mzigo ufike. Akichoka akarusha mguu, tunasema fadhila za punda ni mateke. Na mwenye fimbo mkononi ana methali yake ya kujikingia, kwamba punda haendi bila ya kigongo. Sisi watunzi wa mashairi nasi hatukubaki nyuma. Tukitaka kumpiga mwenzetu kijembe humwita punda, na baraza zima likacheka.

Hata chuoni, nilipokuwa mtoto, tulikuwa tukifika katika Sura ya Luqman, pale sauti ya punda inapotajwa kuwa ni sauti ya kuchukiza kupita zote, watoto hufinyana na kuchekana. Siku moja mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alituacha tucheke mpaka tukachoka, kisha akatufungulia Sura ya An-Nahl akatuonyesha kwa ncha ya kijiti farasi, nyumbu na punda wametajwa pamoja, katika aya moja, miongoni mwa neema za kupandwa na za kuwa pambo. "Mmecheka kule," akasema, "hebu chekeni na hapa."

Maneno hayo yalinirudia mbali sana na pwani, huko Kanduyi.

Asiyefika Kanduyi na ajue kwamba ni njia panda iliyo nje kidogo ya mji wa Bungoma, pale barabara kuu itokayo Webuye kwenda Malaba inapokutana na ile iingiayo mjini. Malori ya Uganda hupita usiku na mchana, vijana wa bodaboda wamejaa kama siafu, na barabara mpya ya njia mbili itokayo Musikoma huishia hapo. Mimi nilikuwa nimekwenda kumpa mkono wa pole rafiki yangu, mwalimu mstaafu, aliyefiwa na nduguye. Tulikuwa tumesimama kando ya njia tukingoja gari, ukaja mkokoteni wenye punda wawili na magunia manane ya mahindi. Gunia la mahindi ni kilo 90, kwa hiyo hesabu si ngumu: kilo 720, mbali na mkokoteni wenyewe na kijana aliyekaa juu yake.

Penye kijilima, punda wa kushoto alisimama. Kijana akateremka na kipande cha mpira wa bomba la maji, akaanza kumpiga, kwanza matakoni, kisha masikioni, kisha usoni. Punda hakulia. Alifumba macho na kuinamisha kichwa, akasimama vile vile. Nyuma malori yanapiga honi. Pembeni wale wa bodaboda wanacheka, na mmoja anatoa shauri kwamba mkia ukisokotwa barabara punda huyo atakwenda mwenyewe.

Rafiki yangu alinishika mkono wa kanzu. "Wacha, Sheikh. Hapa si kwenu. Watasema umetoka pwani kuja kuwafundisha watu kazi." Neno lake lilikuwa na maana. Mgeni ana mipaka yake, na mtu mwenye kanzu na kofia akikemea katikati ya njia panda ya watu, huenda aliyekemewa akaona haya, na haya hiyo akaenda kumlipia punda mbele kidogo, pasipo na macho ya kumtazama. Hilo nimeliona Mombasa mara nyingi kwa mahamali na mikokoteni. Mpita njia hufoka, moyo wake ukapoa akaenda zake, naye mnyama hubaki na yule yule.

Basi nilimwendea kijana nikamwamkia kwa salamu ya kwao: "Mulembe, mwanangu. Pole na kazi."

Salamu ina deni lake. Mkono uliokuwa juu ulishuka. "Mulembe, mzee."

"Huyu ana nini?"

"Ana kiburi tu."

"Na mwenye punda huyu ni nani?"

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Punda si wake, wala mkokoteni si wake. Mwenyewe yuko mjini, ana mikokoteni mitatu, na kila jioni ataka shilingi mia tano zake, ipatikane kazi isipatikane. Mwenye mahindi naye halipi kwa siku wala kwa safari, hulipa kwa gunia. Kijana akipakia magunia matano, zile mia tano zikitoka, habakiwi na kitu cha kununulia unga. "Nikibeba matano, mzee," akaniambia, "punda analala ameshiba, mimi nalala njaa."

Wakati tukizungumza alikuja mtu mzima mmoja, baiskeli yake ameiegemeza kwenye mti, mtu wa kule kule, na ilionekana wazi kuwa amelima kwa maksai maisha yake yote. Hakusema kitu. Aliinua nira shingoni mwa punda. Chini yake palikuwa na kidonda upana wa kitanga cha mkono, kibichi, nzi wamekijaa. "Hii nira," akasema, "ni ya ng'ombe."

Wasomaji wenzangu wa pwani huenda jambo hili wasilijue, kwani kwetu hatulimi kwa maksai. Ng'ombe ana nundu. Nira ikikaa mbele ya nundu, ng'ombe huisukuma kwa nguvu zake zote asiumie. Punda hana nundu. Nguvu zake ziko kifuani, naye huvishwa mkanda mpana wenye kitu laini upitao kifuani, au kola iliyojazwa vizuri. Ukimtwisha mti wa ng'ombe, ule mti hukaa juu ya mfupa wa shingo na kusaga ngozi kila hatua. Yule punda mwenye kiburi, basi, alikuwa akiambiwa asukume kidonda chake kwenye mti. Kusimama kwake ndiko kulikuwa maneno yake, kwa kuwa punda hana desturi ya kupiga kelele akiumwa. Huficha maumivu, na akiogopa au akizidiwa husimama kama jiwe. Watu wakamwita mkaidi.

Magunia matatu yaliteremshwa. Aliyesaidia kuyateremsha, ajabu ya Mungu, ni yule yule mwenye shauri la kusokota mkia. Gunia kuukuu lilikunjwa likawekwa chini ya nira ili mti usiguse kidonda, mkokoteni ukaenda taratibu, na mimi na rafiki yangu tukageuka walinzi wa magunia matatu ya mahindi ya mtu tusiyemjua, kwa muda wa saa nzima, mpaka kijana aliporudi kuyachukua. Sitaeleza maneno aliyoniambia rafiki yangu katika saa hiyo.

Swali la mwenye punda si la kubuni kwangu. Walionitangulia chuoni wanaijua hadithi aliyoipokea Abdullah bin Jaafar: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, ngamia akamwona akalia na kutokwa na machozi. Alimpangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akauliza ngamia huyo ni wa nani. Kijana wa Kiansari alipojitokeza, akamuuliza kama hamwogopi Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, maana alikuwa akimtia njaa na kumchosha. Tazama mpango wake. Mnyama ametulizwa kwanza, ndipo akatafutwa mwenyewe, ndipo likasemwa neno, nalo likasemwa uso kwa uso. Bibi Aisha naye siku moja alipanda ngamia mgumu, akawa anamvuta huku na huku, na aliyemkumbusha upole ni mumewe mwenyewe. Na kuhusu kupiga na kutia chapa usoni, makatazo yake ni makali, na punda ametajwa humo kwa jina.

Katika miji ya Waislamu ya zamani jambo hili halikuachiwa wenye huruma peke yao. Palikuwa na mtu wa serikali, muhtasibu, aliyezunguka sokoni kupima vibaba na mizani, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwazuia wenye wanyama wasiwapakie kupita uwezo wao. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameiandika kazi hiyo katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Waingereza, ambao baadhi yetu tumezoeshwa kudhani kuwa ndio waliotuletea huruma ya wanyama ndani ya marikebu, walipata sheria yao ya kwanza ya namna hii mwaka 1822, kwa juhudi za mbunge Richard Martin, mtu wa Ireland. Hata hivyo namsifu Martin kwa jambo moja. Alikuwa akiwashtaki wapigaji farasi na punda wa London yeye mwenyewe, na yasimuliwa kuwa mara nyingine, akiona mshtakiwa ni fukara, alitoa fedha zake kumsaidia kulipa faini.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Imetaja kupiga kikatili, kupakia kupita kiasi, kuendesha kupita kiasi, na kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa ugonjwa au jeraha. Katiba ya mwaka 2010 nayo imezipa kaunti kazi ya ustawi wa wanyama. Kwa hiyo anayeona kidonda kama kile Bungoma ana mlango wa kubisha, wa ofisi ya daktari wa mifugo ya kaunti, na ukatili ukizidi upo mlango wa polisi. Mimi mlango wa kwanza ningeupendelea zaidi, maana kijana asiye na punda wala mkokoteni akifungwa, kesho yake mwenye mikokoteni mitatu atamtafuta kijana mwingine, na nira itakuwa ile ile.

Tena punda wenyewe wamekuwa adimu. Kuanzia mwaka 2016 yalifunguliwa nchini machinjio ya punda yenye leseni, ngozi zikipelekwa Uchina kutengenezewa ejiao, dawa itokanayo na ngozi iliyochemshwa. Wizi ukaenea, mtu alilala na punda akaamka na kamba. Mwezi wa Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, mwezi wa Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kuusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15 barani kote. Mnyama huyu ni wa kwetu kwa asili. Utafiti wa nasaba uliotolewa mwaka 2022 unaonyesha kuwa alifugwa kwanza upande huu wa mashariki ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Anapopungua, waliobaki hubeba na mzigo wa waliokwenda.

Najua msomaji wa Lamu amekwisha kusema moyoni kuwa hayo ni mambo ya bara. La, ndugu yangu. Lamu ndiyo yenye punda katika kila kichochoro, na tangu mwaka 1987 ipo zahanati ya punda pale mjini inayotibu bila malipo. Tena wakati wa Maulidi punda hushindanishwa mbio na watu wakawashangilia kama farasi wa sultani. Siku zile punda huwa na jina na ukoo. Maulidi yakisha, anarudi kwenye mchanga, mawe na saruji.

Basi tufanye hesabu ya saruji, kwa sababu hiyo haina ubara wala upwani. Punda wetu wa kawaida hapiti sana kilo 150, na wengi hawafiki hapo. Wanaowatibu husema mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50, na hiyo ndiyo mfuko mmoja wa saruji. Lakini ukisimama gatini asubuhi utaona kila punda ana shogi lenye mfuko upande huu na mfuko upande huu, maana mmoja peke yake hulifanya shogi lipinde, na mchukuzi hulipwa kwa mfuko. Mfuko unaweza kugawanywa, nusu huku nusu huku, katika magunia madogo. Ni kazi ya dakika chache. Haifanywi kwa kuwa hakuna aliyeilipia.

Mimi sasa nikimkuta mtu anajenga Lamu, nikakaribishwa kahawa, husifu kwanza milango yake na matao yake, kisha nikamuuliza saruji ilipandaje kutoka gatini. Wengi hujibu kuwa hayo aulizwe fundi. Fundi ukimuuliza, hukuelekeza kwa mchukuzi. Mchukuzi hukutajia bei aliyopewa, na bei hiyo imetoka kwa mwenye nyumba. Mifuko 40 ni safari 40 za punda, si 20, na nauli ya zile safari 20 zisizokwenda imo mfukoni mwa mtu anayenimiminia kahawa.