Uchongaji wa barabara

Uchongaji wa barabara ni kazi ya kutengeneza uso wa barabara ya udongo au changarawe kwa kutumia greda, yaani mtambo wa magurudumu wenye bapa refu la chuma chini ya tumbo lake. Nchini Tanzania kazi hiyo hufuata majira ya mvua.

Sababu

Adui mkubwa wa barabara ya udongo ni maji. Yakituama juu yake udongo hulainika, na magari huchimba mashimo. Kwa hiyo mwendesha greda haifanyi barabara iwe tambarare, bali huinua katikati kama mgongo. Kwa kawaida mteremko wa kwenda kila upande ni sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita, ili maji yaingie mtaroni upesi. Mitaro na makalavati yakiziba, mgongo huo hausaidii kitu.

Majira ya kazi

Mitaro husafishwa kabla ya mvua. Udongo huchongwa vizuri ukiwa na unyevu kidogo, kwa mfano masika yanapoelekea kwisha. Ukiwa mkavu kabisa, bapa hulegeza tabaka gumu la juu likageuka vumbi, isipokuwa umwagiwe maji kwanza. Ukiwa matope, greda lenyewe hukwama. Baada ya kuchonga, rola hushindilia.

Katika maeneo ya milima, kama kata ya Mamboya wilayani Kilosa (Mkoa wa Morogoro), maji ya mvua hushuka kwa kasi na kukata barabara. Hapo mazao hayafiki sokoni, na mgonjwa huchelewa kufika hospitali.

Wahusika

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017.

Katika nchi za baridi

Kanada na Finland hutumia greda pia kusukuma theluji wakati wa baridi. Magari mengine humwaga chumvi, kwa kuwa maji ya chumvi huganda kwenye baridi kali zaidi kuliko maji matupu. Baridi ikizidi mno chumvi hushindwa kazi, hivyo humwagwa mchanga au kokoto ndogo ili magurudumu yasiteleze.