VIMENG'ENYA VYA MWILI NA PROTINI ZINAZOVIDHIBITI

Mtu akijikata kwa jembe, baada ya saa chache mahali palipoumia hupata moto, huvimba na kuuma. Hali hiyo ni dalili ya mapambano. Chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili hukusanyika kwenye jeraha, humeza bakteria, na humwaga vimeng'enya vyenye kukata protini. Kimojawapo ni elastesi, ambacho huweza kukata elastini, yaani nyuzi zinazoipa ngozi na mapafu uwezo wa kunyumbuka.

Kimeng'enya hiki hakibagui: hukata protini za bakteria na za mwili wenyewe pia. Kwa sababu hiyo mwili hutengeneza protini nyingine za kukidhibiti. Mojawapo ni alfa-1-antitripsini, ambayo hutengenezwa hasa na ini na kusambazwa kwa damu. Utendaji wake ni mfano wa mtego wa panya. Elastesi inapoikata sehemu yake iliyojitokeza, protini hiyo hubadili umbo ghafula, hukinasa kimeng'enya na kukipotoa umbo, kisikate tena.

Umuhimu wa mtego huo ulidhihirika mwaka 1963 nchini Uswidi. Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waligundua watu 5 ambao damu yao ilikosa karibu protini hiyo yote. 3 kati yao walikuwa na ugonjwa wa kuharibika kwa vifuko vya hewa vya mapafu. Baadaye ilifahamika kwamba katika aina kuu ya upungufu mkali, asidi-amino moja tu, iliyo nafasi ya 342 katika mnyororo wa 394, imebadilika. Moshi wa sigara huongeza hatari hiyo, kwani huharibu asidi-amino iitwayo methionini iliyomo kwenye mtego wenyewe.

Kazi ya protini hizi haiishii kwenye kuzuia uharibifu. Hugusa pia ukuaji wa seli. Katika mate na ute wa njia ya hewa imo protini ndogo ijulikanayo kwa herufi SLPI. Mwaka 2000 ilionyeshwa kuwa panya wasio nayo huchelewa kupona majeraha ya ngozi. Mwaka 2002 sababu mojawapo ilibainika. Seli hutoa protini iitwayo proepithelini, ambayo ikiwa nzima huchochea ukuaji wa seli na kutuliza uvimbe. Elastesi ikiikata, vipande vyake huzuia ukuaji huo na kusababisha neutrofili zaidi kuitwa, nazo huleta elastesi zaidi. SLPI hushikamana na proepithelini na kuikinga isikatwe.

Yafaa basi mwanafunzi atambue kuwa elastesi si adui wala vidhibiti vyake si dawa ya kila kitu. Pasipo kimeng'enya, bakteria hupata nafasi. Pasipo kidhibiti, askari hubomoa nyumba waliyotumwa kuilinda. Afya hutegemea mizani kati ya viwili hivyo, na mvuta sigara huielemeza mizani hiyo kwa hiari yake mwenyewe.