Vilengeo Viwili, Bunduki Moja

Bunduki inayoonekana zaidi mitaani katika mji wa Katoro, mkoani Geita, ni shotigani. Mlinzi ameketi mlangoni mwa duka la kununulia dhahabu, kitako kimeegemea goti. Shotigani hiyo ina punje moja ya chuma kwenye ncha ya mtutu, na kwa umbali wa upana wa barabara inatosha, kwa kuwa marisau hutawanyika. Makala haya yanahusu bunduki ya aina nyingine: yenye mifereji ndani ya mtutu, inayotoa risasi moja ambayo lazima ifike pale pale ilipoelekezwa, mita 100 au 200 mbele. Za aina hiyo ni zile tunazoziita SMG, na pia bunduki za wawindaji wenye leseni na za askari wa uhifadhi wanaolinda mapori ya ukanda huu, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019.

Kiwandani, bunduki hiyo hutoka na vilengeo vya chuma: ncha mbele, mwanya au tundu nyuma. Jicho linatakiwa lipange vitu vitatu kwenye mstari mmoja, yaani mwanya, ncha na shabaha, na haliwezi kuviona vyote vitatu vizuri kwa pamoja. Mtu akishavuka miaka 45 ncha huanza kumpotea. Kilengeo cha hologramu kinaondoa taabu hiyo. Ndani yake mna leza ndogo inayomulika picha iliyohifadhiwa kwenye kioo kwa mbinu aliyoivumbua Dennis Gabor, mwanafizikia aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Mlengaji huona alama nyekundu kana kwamba inaelea kule kule kwenye shabaha. Anaacha macho yote mawili wazi, anaweka alama mahali anapotaka, anafyatua. Ila kinatumia betri, na betri huisha. Ndiyo maana vilengeo vya chuma hubaki kwenye bunduki kama akiba.

Kosa kubwa hutokea siku ya kuvirekebisha. Mtu anawasha kilengeo kipya, anachungulia kupitia vilengeo vya chuma, kisha anazungusha skrubu mpaka alama nyekundu ikae juu ya ncha ya mbele. Anaridhika na kurudisha bunduki stoo. Hajapiga hata risasi moja! Alichofanya ni kunakili. Kama chuma kilikuwa kinapeleka risasi sentimita 15 kushoto, sasa kioo nacho kinapeleka sentimita 15 kushoto.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: vilengeo viwili vinaweza kutofautiana na vyote vikawa sahihi. Mwongozo wa Kisovieti wa AKM, mojawapo ya hizo SMG, unataka kilengeo cha nyuma kiwekwe kwenye namba 3, yaani mita 300, kisha bunduki ipimwe kwa mita 100. Hapo risasi zinatakiwa zipige sentimita 25 juu ya pale ulipolenga. Sababu ni kwamba risasi haiendi kama uzi ulionyooshwa. Inatoka chini ya mstari wa jicho, inaupanda, inapita juu yake, halafu inashuka na kuukata tena huko mbele. Sasa askari amerekebisha hologramu yake ipige katikati kabisa kwa mita 100, anajaribu chuma, anaona risasi zimepanda sentimita 25, anadhani chuma kimeharibika. Akianza kuzungusha ncha ya mbele, amevuruga kilengeo kilichokuwa kizima. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, amua kila kilengeo kimewekwa kwa umbali gani, na uandike.

Kazi yenyewe inataka uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta nene la udongo nyuma ya shabaha. Silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na korongo lililoachwa na wachimbaji si uwanja wa shabaha hata likionekana tupu. Laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Tumia risasi za aina ile ile utakayobeba kazini. Mimi naanza na chuma, hologramu ikiwa imezimwa. Piga tatu au nne bila kubadilisha mlengo, kisha pima kutoka katikati ya kundi la matundu. Usilifukuzie tundu moja lililojitenga. Kwenye AKM, mzunguko mmoja kamili wa ncha ya mbele huhamisha risasi sentimita 20 kwa mita 100. Ncha inafuata kosa: risasi zikipiga juu, unaipandisha, zikipiga kulia, unaisogeza kulia. Kilengeo cha nyuma, kwa bunduki ambazo kinasogezeka, huenda kinyume, yaani unakisogeza kule unakotaka risasi iende.

Chuma kikishakubali, washa hologramu na uanze upya, kwa risasi zake zenyewe. Vingi vya vilengeo hivi huhamisha risasi karibu sentimita moja na nusu kwa mita 100 kila skrubu inapolia mara moja. Kundi likiwa sentimita 9 kushoto, ni milio sita kuelekea kulia. Piga tena, hakikisha.

Kama vilengeo vyako vya chuma vinaonekana kupitia kioo, sasa ndipo uvitazame pamoja. Angalia alama nyekundu imekaa wapi ikilinganishwa na ncha, na uchore mchoro mdogo kwenye daftari la silaha. Siku utakapoikuta imehama, kuna kitu kimelegea. Chora pia mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye kishikizo. Bunduki inayosafiri nyuma ya Land Cruiser kwenye barabara ya vumbi yenye matuta hutikisika kutwa nzima, na mstari uliokatika utauona kwa jicho tu.

Joto nalo si la kupuuzwa. Novemba 2015 kampuni ya Marekani ya L-3, iliyomiliki EOTech, mtengenezaji mashuhuri wa vilengeo vya hologramu, ilikubali kuilipa serikali ya nchi hiyo dola milioni 25.6. Ilidaiwa kwamba vilengeo vilivyouzwa kwa majeshi vilihamisha mlengo kwenye baridi kali na joto kali, na kampuni ilijua lakini ikachelewa kusema. Wenye vilengeo hivyo walikuwa wanajeshi, na waliviamini. Kwa hiyo ukimaliza asubuhi kukiwa na ubaridi, rudi uwanjani saa nane mchana, bunduki ikiwa imekaa juani, upige kundi jingine kwa kila kilengeo. Kama hologramu imehama na chuma hakijahama, rudisha hologramu hiyo kwa aliyekuuzia pamoja na karatasi za shabaha za asubuhi na za mchana.