Kunguru mjanja, mkulima mvivu? Mpaka kati ya akili na uvivu

MVUA za kwanza zinapoanguka katika nyanda za juu za Kigoma, mwishoni mwa mwaka, wakulima wa Kasulu na Kibondo hushika majembe kwenda kupanda mahindi na maharage. Juu ya mti ulio kando ya shamba yupo mwingine anayeungoja msimu huo kwa hamu. Huyo ni kunguru.

Ndege huyo hana haraka. Hutulia na kutazama, na mwenye shamba akiondoka hushuka kwenye mistari iliyopandwa na kufukua punje moja baada ya nyingine. Mche ukishachomoza, huung'oa ili apate punje iliyosalia chini yake.

Kwa anayemtazama juu juu, kunguru ni mvivu wa kupindukia. Halimi, hapandi wala hapalilii, lakini anakula. Kwa anayemtazama kwa makini, ni kiumbe mwenye akili ambaye amegundua namna ya kupata riziki kwa jasho kidogo.

Swali la kwamba hiyo ni akili au ni uvivu halimhusu ndege peke yake. Huulizwa kila siku juu ya mwanafunzi anayetafuta njia fupi ya kukokotoa hesabu, juu ya kijana anayelikimbia jembe la mkono, na juu ya kibarua anayemaliza kazi yake kabla ya wenzake. Jibu likikosewa, mwenye akili huadhibiwa na mvivu hupewa sifa zisizo zake.

Ubongo mdogo, uwezo mkubwa

Kunguru anayeonekana zaidi maeneo ya bara, yakiwamo ya Kigoma, ni yule mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe. Ni mwenyeji wa Afrika, na hutofautiana na kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu anayesumbua wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini.

Wote ni wa jamii moja ambayo wanasayansi wanaiweka katika daraja la juu kabisa la ndege wenye akili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kunguru mkubwa wa nchi za kaskazini, ambaye ubongo wake una uzito wa gramu 14 hivi, ana zaidi ya seli za neva bilioni mbili zilizosongamana ndani yake. Kwa sababu hiyo, udogo wa kichwa chake haumzuii kufanya mambo yanayofanywa na baadhi ya nyani.

Mfano unaotajwa sana ni wa Betty, kunguru jike aliyetoka Kaledonia Mpya na kufugwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwaka 2002 watafiti waliweka chakula katika kindoo kidogo ndani ya bomba la wima, kisha wakatoa waya mbili, moja ikiwa imenyooka na nyingine ikiwa na kulabu. Mwenzake wa kiume, Abel, aliichukua ile yenye kulabu. Betty akabaki na waya iliyonyooka, akaikunja mwenyewe kuwa kulabu na kukinyanyua kindoo.

Baadaye, mwaka 2016, ilibainika kuwa kunguru wa porini wa jamii hiyo nao hukunja vijiti wanapotengeneza zana zao. Kwa hiyo yawezekana Betty hakubuni jambo jipya kabisa. Hata hivyo, zana ile aliitengeneza yeye kwa kazi iliyokuwa mbele yake.

Katika mji wa Seattle, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walianza mwaka 2006 kuwakamata kunguru wakiwa wamevaa kinyago cha aina moja. Ndege hao waliikumbuka sura ile kwa miaka, wakawa wanampigia kelele kila aliyeivaa, na wenzao ambao hawakuwahi kukamatwa wakajifunza kutoka kwao.

Mkulima anayesimamisha sanamu ya matambara shambani anapaswa kulijua hilo. Anashindana na ndege anayechunguza nani anasogea, nani hasogei, na nani alimrushia jiwe juzi.

Akili hiyo haiji bure. Makinda wa kunguru wa Kaledonia Mpya hulishwa na wazazi wao kwa miezi mingi, huku wakijaribu na kukosea kabla ya kuwa mafundi wa kukata zana kutoka kwenye majani. Ustadi anaoonekana nao kunguru mzima una nyuma yake kipindi kirefu cha kujifunza. Hata kule kukaa juu ya mti kunakodhaniwa kuwa ni uzembe ni kazi ya upelelezi, ambayo akiifanya vibaya atauawa.

Jasho na kazi

Hapo ndipo unapoanza kuonekana mpaka unaotafutwa. Akili hupunguza jasho lakini kazi hufanyika. Uvivu huiacha kazi bila kufanyika, au humtwisha mtu mwingine.

Mkulima anayenunua plau ya kukokotwa na ng'ombe anaonekana kukwepa jembe, lakini shamba lake hulimwa, tena mapema zaidi. Mwanamke anayepeleka mahindi mashineni badala ya kuyatwanga kwenye kinu anapunguza mateso ya mikono yake, na unga bado unapatikana. Hawa hawakukwepa kazi.

Majirani wanaokubaliana kupanda mashamba yao katika siku zilezile wana akili pia. Kunguru hawawezi kufukua mashamba yote kwa wakati mmoja, na ulinzi wa siku chache za hatari unaweza kufanywa kwa zamu. Lakini yule anayeacha kulinda shamba lake kwa kujua kuwa kelele za mtoto wa jirani zitawafukuza ndege wa pande zote mbili, huyo anakula jasho la mtoto wa watu.

Tofauti hiyo haikuanza kujadiliwa leo. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka juhudi na maarifa kuwa masharti mawili ya maendeleo, na likaonya kuwa juhudi isiyo na maarifa haizai matunda yaleyale. Mifano yake ilikuwa ya shambani: jembe kubwa badala ya dogo, plau badala ya jembe la mkono, matumizi ya mbolea, na kujua wakati unaofaa wa kupanda na kupalilia.

Azimio hilohilo liliwanyooshea kidole wanaume wa vijijini. Lilieleza kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, ilhali wanaume wengi hukaa nusu ya maisha yao kama watu walio likizoni. Mwanamume anayekaa kivulini huku mkewe akilima, akichota maji na kupika anaweza kujiona mjanja, lakini kazi yake haikupungua. Imehamia mgongoni kwa mwingine.

Mtego wa kundi

Uvivu wa namna hiyo hustawi zaidi watu wanapokuwa wengi. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima nguvu za watu waliokuwa wakivuta vitu, na mwaka 1913 akachapisha matokeo yake. Watu wanane walipovuta pamoja, nguvu iliyopatikana ilikuwa takriban nusu ya ile ambayo ingetarajiwa kwa kujumlisha nguvu ya kila mmoja peke yake.

Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kutovuta kwa mpigo mmoja. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 1974 lilionyesha kuwa hata mtu aliyefungwa macho na kudhani tu kuwa wenzake wanavuta nyuma yake hulegeza mkono.

Yeyote aliyewahi kushiriki msaragambo wa kuchimba mtaro au kujenga darasa analifahamu jambo hilo. Wapo wanaoshika sepetu, na wapo wanaoshika mpini tu. Dawa inayojulikana vijijini ni kumpimia kila mtu ngwe yake, ili kazi ya kila mmoja ionekane.

Ngwe hiyo huonyesha pia nani mwenye akili. Anayeimaliza saa nne asubuhi kwa sababu alinoa jembe lake jana yake, akaenda kupumzika, hana deni kwa mtu. Msimamizi anayemwita mvivu kwa kuwa amemkuta amekaa anapima jasho badala ya kupima kazi.

Tuhuma zilizowaangukia wasiostahili

Historia ya watu wa Kigoma ina funzo juu ya hatari ya kulitumia neno uvivu ovyo. Wakati wa ukoloni, Buha, nchi ya Waha inayojumuisha Kasulu na Kibondo, ilifanywa chimbuko la vibarua. Maelfu ya wanaume, wakisukumwa na kodi, walikwenda mamia ya kilomita hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, na siku zao za kazi zilihesabiwa kwenye kipande cha siku 30.

Kibarua aliyekataa mkataba wa pili alihesabiwa kuwa mvivu. Lakini huenda alikuwa amepiga hesabu yake vizuri: ujira mdogo huku, shamba lake limegeuka pori kule, na mke na watoto wamebaki peke yao. Kukataa kwake kulikuwa uamuzi wa mtu aliyefikiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishiwa watu katika vijiji vya pamoja. Pale ambapo shamba lilibaki mbali na nyumba mpya, kunguru na nyani walipata saa nyingi za kula bila kuguswa. Mavuno yakipungua kwa sababu hiyo, hayawezi kuwa ushahidi wa uvivu wa mkulima.

Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvukazi, iliyolenga kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi. Katika misako ya Dar es Salaam walikamatwa pia wachuuzi wadogo, watu waliokuwa wakiamka alfajiri kutafuta riziki. Wengi waliopelekwa vijijini walirudi.

Njia ya mkato yenye deni

Upo pia mfano wa njia ya mkato iliyodhaniwa kuwa ni akili. Miaka ya 1890, kunguru wa Asia aliletwa Zanzibar ili ale taka za mji. Ndege akawafanyia watu usafi, lakini aliongezeka, akavuka hadi bara na kushambulia mayai na makinda ya ndege wengine. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2024, Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Kazi ya taka iliyokwepwa ilirudi ikiwa na riba, na wanaoilipa si wale walioikwepa.

Kwa wazazi na walimu, jambo kubwa zaidi ni namna watoto wanavyohukumiwa. Katika majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1998 na Claudia Mueller na Carol Dweck, watoto waliosifiwa kuwa wana akili walielekea kuchagua maswali rahisi na kukata tamaa waliposhindwa. Waliosifiwa kwa bidii walichagua magumu na kuendelea kujaribu. Sifa ya akili peke yake inaweza kuwa mlango wa uvivu.

Vivyo hivyo, mtoto anayesinzia darasani msimu wa kupanda baada ya kuamia shamba tangu alfajiri si mvivu. Aliyepata jibu kwa hatua tatu badala ya saba naye si mvivu, mradi aweze kuzieleza. Aliyenakili kwa jirani ndiye aliyekwepa kazi.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, wakikumbusha kuwa kujihadhari nako ni akili. Kabla ya kumwita mtu mvivu, basi, yafaa kuuliza maswali mawili: je, kazi imefanyika? Na kama yeye hakuifanya, ni nani aliyeifanya kwa niaba yake?