Fahamu: Kwa nini UTI huwasumbua zaidi wagonjwa wa figo

Goba, kama kwingineko Dar es Salaam, "nina UTI" (maambukizi ya njia ya mkojo) mara nyingi husemwa kwenye duka la dawa kabla mkojo haujapimwa. Mtu hupewa antibiotiki ya sipro, anameza, anaendelea na safari. Kila dawa inapotumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa, sugu wakabaki na kuzaliana.

Utafiti wa HATUA, uliohusisha Kenya, Uganda na Tanzania (huku kwetu Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro), ulikuta takribani nusu ya bakteria wa UTI ni sugu kwa makundi kadhaa ya dawa.

Mgonjwa wa figo ana nafasi finyu zaidi. Kinga yake imeshuka, pengine amewekewa mpira wa mkojo. Dawa ya nitrofurantoini, inayowafaa wengi, haifiki ya kutosha kwenye mkojo figo zikichoka sana. Jentamaisini, nayo, yaweza kuziumiza zaidi. Aliyepandikizwa figo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, hunywa pia dawa za kushusha kinga.

Kuotesha bakteria wa mkojo maabara huchukua siku mbili tatu, lakini humwonyesha daktari dawa ipi bado inaua. Kwa mgonjwa wa figo, kiasi cha dozi huongozwa na kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi.