Kutia Nuru na Kutia Giza: Istilahi Mbili za Kuhariri Picha katika Programu Huria

Mfasiri akabidhiwapo orodha ya maneno ya programu ya kompyuta, mara nyingi hupewa maneno matupu, kila moja peke yake, bila ya sentensi wala mchoro wa kumwonyesha neno hilo linafanya kazi gani. Hufungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaendelea mbele. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa maneno mawili tu, jinsi njia hiyo inavyoweza kumpotosha, na kupendekeza istilahi ambazo kwa maoni yetu zinafaa zaidi.

Maneno hayo yanapatikana katika programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP. Programu hii ilianzwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, nayo ikatolewa kwa umma mwaka 1996. Ni programu huria, yaani maandishi yake ya asili yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha, kuyafasiri na kuyagawa. Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye amri za Kiswahili. Kwa kuwa mlango wa kufasiri u wazi kwa kila mtu, istilahi mbovu nayo huweza kuingia kwa urahisi, ikazoeleka kabla haijapimwa.

Miongoni mwa zana za GIMP imo moja yenye kazi mbili: kuifanya sehemu fulani ya picha iwe na mwanga zaidi, na kuifanya sehemu nyingine iwe na giza zaidi. Kwa Kiingereza kazi ya kwanza huitwa “dodge” na ya pili “burn”. Anayefuata kamusi ataandika “kukwepa” na “kuchoma”. Mwalimu atakayesimama mbele ya darasa na kusema, “Sasa tuukwepe uso wa mtoto huyu, kisha tuichome mbingu,” hatakuwa amefundisha kitu.

Asili ya maneno hayo

Majina haya hayakuzaliwa katika kompyuta. Yalitoka katika chumba cha giza, ambamo wapiga picha walisafisha filamu na kuchapa picha kabla ya kamera za dijiti kuenea. Katika kuchapa, nuru ya taa ilipitishwa katika filamu iliyokwisha kusafishwa, yaani negativu, ikapita katika lenzi na kuangukia karatasi maalumu iliyopakwa kemikali za madini ya fedha. Karatasi hiyo ina tabia moja ambayo hatuna budi kuikumbuka: inapopigwa na nuru nyingi huwa nyeusi, na inapopigwa na nuru kidogo hubaki nyeupe.

Basi mpiga picha alipoona kwamba uso wa mtu utatoka mweusi kupita kiasi, alichukua kipande kidogo cha kadi kilichofungwa kwenye waya, akakishika kati ya lenzi na karatasi ili nuru isiufikie uso ule kwa muda wote. Kadi hiyo aliichezesha bila kukoma, kwani kama angeituliza, ukingo wake ungeacha alama. Alipotaka mbingu iwe nzito zaidi, alifanya kinyume: alitumia kadi kubwa yenye tundu, akaiachia nuru iendelee kupiga sehemu ya mbingu peke yake. Ansel Adams wa Marekani alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Picha yake maarufu ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, aliyoipiga mwaka 1941, aliichapa mara nyingi katika maisha yake, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kuitia mbingu yake giza.

Ni dhahiri, basi, kwamba Waingereza walitaja kitendo cha mkono, si matokeo yake. Kilichokwepeshwa ni nuru, na kilichounguzwa ni karatasi. Katika kompyuta hakuna kadi, hakuna karatasi, wala hakuna nuru ya kukwepeshwa. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho mtumiaji hukiona: matokeo. Kwa hiyo istilahi ya Kiswahili haina sababu ya kubeba mzigo wa kitendo kisichokuwapo tena.

Zana inavyofanya kazi

Picha ya dijiti imeundwa kwa vitone vidogo sana viitwavyo pikseli. Katika picha ya kawaida ya rangi, kila pikseli ina tarakimu tatu, za nyekundu, kijani na buluu, na kila moja huanzia 0 hadi 255. Zote zikiwa 0 pikseli ni nyeusi kabisa. Zote zikiwa 255 ni nyeupe kabisa. Kutia nuru ni kuzipandisha tarakimu hizo mahali brashi ipitapo, na kutia giza ni kuzishusha.

Zana huuliza mambo mawili makubwa. La kwanza ni sehemu gani za picha ziguswe zaidi: zenye kivuli, za kati, au zenye nuru. La pili ni nguvu ya mguso, ambayo hupimwa kuanzia 0 hadi 100. Anayeanza afadhali atumie nguvu ndogo, kama 10, apitishe brashi mara kadhaa, kuliko kutumia nguvu kubwa kwa mara moja na kuacha baka. Aidha, ni vyema kufanya kazi hii juu ya nakala ya tabaka, si juu ya tabaka la asili, ili akikosea asiharibu picha yake.

Zana hii ina mpaka wake. Mahali palipokwisha kuwa peupe kabisa, ambapo kamera haikunasa kitu, kutia giza hakuwezi kurudisha kilichokosekana. Kutaleta kijivu kitupu.

Kuyapima maneno

Tumeyapima maneno kadhaa yanayoweza kupendekezwa, na hapa twaeleza kwa nini tumeyaacha.

“Kuchoma” na “kuunguza” yana kasoro kubwa kuliko ugeni. Katika mazungumzo ya wapiga picha wetu, picha “iliyoungua” ni ile ambayo filamu yake ilipigwa na mwanga ikaharibika. Kwa hiyo neno hili lingemaanisha nuru iliyozidi, kinyume cha tunachokitafuta. Tena Kiingereza chenyewe hutumia neno hilohilo kwa kazi ya kuandika data kwenye diski, na mfasiri angejikuta ana kitenzi kimoja kwa mambo mawili yasiyohusiana.

“Kufifisha” huvutia, lakini lina makali pande zote mbili. Taa ikififia, giza huongezeka. Rangi ya kanga ikififia, weupe huongezeka. Istilahi inayoweza kueleweka kwa maana mbili zinazopingana haifai katika zana ambayo kazi yake ni kutofautisha maana hizo mbili.

“Kukoleza” ni neno zuri, na tunasema rangi iliyokolea kwa maana ya rangi nzito. Lakini programu hizi zina kazi nyingine, ya kuzidisha ukali wa rangi bila ya kuitia giza, na huko ndiko “kukoleza” kunakohitajika. Tuliweke akiba.

“Kusafisha” limekwisha kupata kazi yake maalumu katika upigaji picha, nayo ni kuitoa picha katika filamu kwa dawa. Tusilinyang’anye.

Yamebaki “kung’arisha” na “kuweupesha”, na hapa ndipo penye uzito wa jambo. Kazi ambayo watu wengi huifanya kwa zana hii ni kuurekebisha uso wa mtu. Maneno haya mawili, yanapotajwa pamoja na uso, hayazungumzii nuru tena bali ngozi. Yanafanana mno na lugha ya matangazo ya sabuni na mafuta ya kujichubulia. Mwanafunzi akiambiwa “auweupeshe uso”, ataubadili mtu rangi yake, naye ataamini kwamba ametii maagizo.

Jambo hili si la kubuni. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, maabara za picha huko Marekani zilisawazisha rangi kwa kulinganisha na kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Matokeo yake, uso wa mtu mweusi mara nyingi ulitoka kama kivuli kitupu, maumbo ya pua na mashavu yakapotea. Dawa ya kosa hilo si kumfanya mtu awe mweupe. Dawa yake ni kuipa sura yake nuru ya kutosha ili ionekane jinsi ilivyo. Neno litakalochaguliwa ndilo litakalomwongoza mwenye brashi katika moja ya njia hizo mbili.

Mapendekezo yetu

Kwa sababu hizo tunapendekeza “kutia nuru” na “kutia giza”. Maneno haya ni mepesi, yanapingana waziwazi, na yanataja mwanga bila ya kutaja ngozi. Zana yenyewe iitwe “zana ya nuru na giza”. Chaguo tatu za eneo ziitwe “sehemu za kivuli”, “sehemu za kati” na “sehemu za nuru”, na kipimo cha mguso kiitwe “nguvu”. Hatukuchagua “kutia kivuli” kwa sababu “kivuli” kinahitajika kutajia eneo, na pia programu ina kazi nyingine ya kuchora kivuli cha kitu.

Istilahi hupimwa kwa matumizi. Tuchukue picha ya wanafunzi waliopigwa chini ya mwembe wakati wa adhuhuri: nyuso zimo kivulini, na uwanja ulio nyuma yao unawaka jua. Maelekezo yatasomeka hivi: “Tengeneza nakala ya tabaka. Chagua zana ya nuru na giza. Chagua kutia nuru, sehemu za kivuli, nguvu 10. Pitisha brashi laini juu ya nyuso mpaka macho na maumbo yaonekane, kisha uache. Sasa chagua kutia giza, sehemu za nuru, na upitishe brashi juu ya uwanja.” Tunaamini kwamba mwanafunzi aliyemaliza elimu ya msingi ataweza kufuata maelekezo haya bila ya kufunguliwa kamusi.

Tungependa pia kuwakumbusha watumishi wa ofisi za umma kwamba picha ya pasipoti, ya kitambulisho au ya ushahidi haistahili kuguswa kwa zana hii hata kidogo, kwani thamani yake yote ni kubaki kama ilivyopigwa.

Huenda wasomaji wetu wanayo maneno yaliyo bora kuliko haya, hasa wale wenye studio, ambao huzungumza na wateja kila siku kuhusu nuru na kivuli. Tunawaomba watuletee, wakieleza neno linatumika wapi na katika sentensi gani.