Shida ya mwenzako si bidhaa yako

WAHENGA walisema kufa kufaana. Kwa sisi tuliorejea kutoka ukimbizini, na kwa wenzetu wanaovuka mpaka kila wiki na magunia, methali hiyo haihitaji mwalimu wa kuifafanua. Mmoja akifungasha virago, mwingine hupata baiskeli kwa bei ya kutupa.

Wanafunzi wangu huniuliza, na hata watu wazima hunirushia swali hilo sokoni: kuna ubaya gani? Muuzaji kakubali, mnunuzi kalipa, hakuna aliyeshikiwa panga. Biashara ni maelewano.

Mimi ni Mkatoliki, lakini leo sitaki kujibu kama mhubiri. Kanisa lenyewe linafundisha kwamba akili imepewa kazi yake. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitamka kwamba binadamu, kwa nuru ya akili yake, anaweza kumtambua Mungu kupitia viumbe. Mwaka 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Fides et Ratio, alilinganisha imani na akili na mabawa mawili. Sote tunajua kuku aliyekatwa bawa moja hafiki mbali.

Mtu aliyeyatumia mabawa hayo mawili hadi sokoni ni Mtakatifu Thomas Aquinas, mtawa Mdominikani aliyezaliwa Italia karibu mwaka 1225 na kufariki mwaka 1274. Alijifunza kwa Aristotle, ambaye hakuwa Mkristo, na kwa wanafalsafa Waislamu Ibn Sina na Ibn Rushd. Aliwapinga walipokosea na kuwafuata waliposema kweli.

Usiuze kisicho chako

Katika kitabu chake Summa Theologiae, Thomas alitenga swali zima kuhusu udanganyifu katika kuuza na kununua. Anaanza hivi: je, ni halali kuuza kitu kwa bei inayozidi thamani yake?

Jibu lake lina pande mbili. Ikiwa ninaachana na kitu ninachokihitaji sana na nitapata hasara, naweza kuongeza bei ili kufidia hasara yangu. Lakini ikiwa mimi sipati hasara yoyote, ila wewe ndiye mwenye shida kubwa, siruhusiwi kupandisha. Kwa nini? Kwa sababu faida hiyo haitoki kwangu, inatoka katika hali yako. Nikikutoza, nimekuuzia kitu ambacho si changu.

Ndugu msomaji, hoja hiyo haihitaji cheti cha ubatizo. Hata mtoto anayeuza karanga anajua kwamba huwezi kuuza usichokuwa nacho.

Kanuni hiyo inambana na mnunuzi. Bei ikishuka chini ya thamani, anasema Thomas, usawa wa haki umevunjika vilevile. Nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Tulipojiandaa kurejea Burundi mwaka 2009, walanguzi waliijua siku yetu ya safari. Hawakubishana juu ya bei, walisubiri tu. Jioni ya mwisho baiskeli, mbuzi na mahindi ya akiba viliondoka kwa bei waliyoitaja wao. Leo, miongoni mwetu tuliolanguliwa, wapo wanaowalangua wengine mpakani.

Wafanyabiashara wasinielewe vibaya. Thomas hakulaani faida. Anakubali mtu auze ghali kuliko alivyonunua ikiwa bei imebadilika kwa mahali au wakati, au kwa sababu ya hatari aliyoipitia kusafirisha mali. Nauli, mvua na usiku wa kulala juu ya magunia vina thamani yake. Kinachokatazwa ni ujanja: kipimo cha uongo, debe lililobonyezwa, kasoro iliyofichwa. Anatoa mfano wa farasi chongo. Jicho lililokosekana mnunuzi analiona mwenyewe, ila kasoro isiyoonekana lazima uitaje.

Meli za ngano

Kuna kisa kinacholigawa darasa langu kila mwaka. Cicero, mwanafalsafa Mrumi aliyekufa mwaka 43 kabla ya Kristo, aliuliza: mfanyabiashara amefikisha nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes chenye njaa. Anajua meli nyingine ziko njiani. Awaambie wanunuzi, au anyamaze auze ghali?

Badala ya meli weka malori, badala ya Rhodes weka soko la Makamba. Jambo ni lile lile.

Cicero alisema asifiche. Thomas, akizungumzia kisa kama hicho, alisema kwa haki halazimiki kusema, kwa kuwa anauza kwa bei iliyopo siku hiyo. Hata hivyo, akisema, au akipunguza bei, atakuwa na fadhila kubwa zaidi.

Wapo wanaodhani hapo Thomas alilegea. Mimi naona aliweka sakafu na ngazi. Sakafu ni haki, ambayo akili ya kila mtu inaifikia, awe Mkatoliki, Mwislamu au asiye na dini. Ngazi ni upendo, na hapo ndipo imani inapotuita. Alifundisha kwamba neema haifuti maumbile, huyakamilisha. Basi asiyekanyaga sakafu asijidai yuko juu ya ngazi, hata kama anaimba kwaya.

Mtu na kitu

Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu, alionyesha kwamba lugha yake ilikwisha tenganisha umuntu, yaani kiumbe chenye akili, na ikintu, kisicho na akili. Kirundi kina maneno hayo hayo, na Kiswahili kinasema mtu na kitu. Bibi zetu hawakusoma Kilatini, lakini hawakuchanganya hivyo viwili.

Baiskeli ni kitu, ina bei. Mwenye baiskeli ni mtu, na njaa yake, haraka yake na machozi yake si sehemu ya mzigo. Kabla hujataja bei, jiulize unalipia au unatoza nini hasa. Ukikuta ni shida ya mwenzako, irudishe kwa mwenyewe, ufanye biashara na kilichobaki.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari kusini mwa Burundi.